Raiffeisen: meya aliyekopesha unga wa serikali

Kila ninapokwenda kukagua vitabu vya SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, hakosi mwanachama wa kuniuliza mambo haya ya kudhaminiana yalianzia wapi. Namjibu: moja ya mizizi yake iko ofisini kwa meya wa vijijini, Prusia, dola la zamani la Kijerumani.

Friedrich Wilhelm Raiffeisen alizaliwa mwaka 1818 huko Hamm, kando ya mto Sieg. Alikuwa askari wa mizinga hadi macho yalipomsumbua. Akaacha jeshi mwaka 1843, akaingia kwenye ukarani wa serikali. Mwaka 1845 akapewa umeya wa Weyerbusch. Usifikirie msafara wa magari. Kazi yake ilifanana zaidi na ya mtendaji wetu wa kata: shule, barabara, na lawama za kila mtu.

Mavuno ya 1846 yakaharibika. Serikali ikaleta unga, ila uuzwe kwa fedha taslimu. Taslimu atoe nani, na wenye njaa ndio hao wasio na senti? Raiffeisen akawakopesha. Kisha akawachangisha wenye nacho, wakanunua nafaka na kujenga tanuri la mikate.

Alipohamia Flammersfeld mwaka 1848 akakuta tatizo jingine: walanguzi wa mifugo waliowanyonya wakulima. Akawapata watu wapatao 60 wenye uwezo, wakaweka dhamana, ng'ombe wakanunuliwa, na mkulima akalipa kidogo kidogo kwa miaka mitano.

Heddesdorf, alikofika mwaka 1852, ndiko ninakokupenda zaidi, maana huko alikwama. Chama chake cha hisani cha 1854 kilijitwika mikopo, watoto waliotelekezwa, hata wafungwa waliotoka gerezani. Matajiri wakachoka, na nani angewalaumu? Wao walibeba hatari, mkopo ukaenda kwa mwingine. Mwaka 1864 akaanza upya: anayetaka mkopo awe mwanachama kwanza, na kila mwanachama awajibike kwa mali yake yote. Chama kisivuke eneo ambalo watu wanajuana, na viongozi wasilipwe, isipokuwa mtunza hesabu. Ukali huo wa dhamana sisi leo hatunao. Kwetu, kwa madeni ya chama, mwanachama huwajibika kwa hisa zake tu.

Mwaka 1865 maradhi yalimtoa ofisini, karibu kipofu. Kitabu chake kuhusu vyama vya mikopo kikatoka mwaka uliofuata. Hadi alipofariki mwaka 1888, aliyemsomea na kumwandikia barua za vyama alikuwa binti yake Amalie.