Shilingi ya Kenya "ina nguvu mara ishirini"? Hapana

Muhula huu tena, kwenye majibu ya mtihani wa uchumi jumla wa mwaka wa kwanza: "Shilingi moja ya Kenya ni karibu ishirini za Tanzania, kwa hiyo uchumi wa Kenya una nguvu mara ishirini." Nimeshaisikia kwenye daladala na mitandaoni. Kuiona ikiandikwa na watu ambao kesho watakaa Hazina kunaniumiza.

Mwaka 2024 dola moja ilikuwa kama shilingi 130 za Kenya, na kama yeni 150. Je, Kenya imeipita Japani? Ghana ilifuta sifuri nne kwenye fedha yake mwaka 2007, cedi mpya ikaanza ikikaribia kuwa sawa na dola. Hakuna kiwanda kilichoongezeka usiku ule. Desemba 2022 mfumuko wa bei huko ulipita asilimia 50.

Lakini wananikera zaidi wanaoelewa nusu, wakadai kwamba basi namba hiyo haina maana yoyote. Inayo. Imebeba historia. Mwaka 1966 shilingi za Tanzania, Kenya na Uganda zilianza zikiwa sawa kabisa, 7.14 kwa dola. Zilitenganishwa na mifumuko ya bei iliyolimbikizana mwaka hadi mwaka. Sisi Watanzania, miaka ya themanini bei zilipanda kwa karibu asilimia 30 kila mwaka, huku kiwango rasmi cha kubadilisha dola kikishikiliwa kwa nguvu. Mwanzoni mwa 1986 dola ilikuwa bado chini ya shilingi 20, na kufikia 1995 imepita 500. Uganda iliumia zaidi, ila wengi hawaoni kwa sababu mwaka 1987 ilifuta sifuri mbili. Bila hatua hiyo, dola leo ingekuwa zaidi ya laki tatu za shilingi zao za zamani.

Kwa hiyo pengo la leo linakuonyesha makovu ya zamani. Haliwezi kukwambia nani anaendesha uchumi vizuri sasa. Mwaka 2023 bei za Kenya zilipanda kwa kasi kuliko zetu, na Januari 2024 shilingi yao ilifika kama 160 kwa dola kabla ya kupata nguvu tena mwaka huohuo. Iliyoitwa "imara" ndiyo iliyoyumba zaidi.

Ukitaka kulinganisha, chukua mabadiliko ya kiwango kwa kipindi fulani, kisha uzingatie tofauti ya mfumuko wa bei kati ya nchi hizo. Hapo ndipo pana hoja.

Na hapo pia ndipo ujuzi wetu unapofika ukingoni. Hesabu hiyo inafanya kazi vizuri kwa miongo. Kwa miezi inashindwa vibaya. Mwaka 1983 wachumi Meese na Rogoff walionyesha kuwa modeli maarufu za kiuchumi za wakati ule hazikutabiri viwango vya kubadilisha fedha vizuri kuliko kusema tu "kesho itakuwa kama leo". Zaidi ya miaka 40 baadaye, kwa muda mfupi bado ni vigumu kuishinda kauli hiyo. Mwanafunzi akiniuliza dola itakuwa shilingi ngapi Desemba, namwambia sijui.