Kufyonza vumbi mara kwa mara hakuchakazi zulia

Imani kwamba mashine ya kufyonza vumbi inamaliza zulia ni ya siku nyingi, na ina chanzo chake. Zulia jipya la sufu hutoa manyoya mengi mwanzoni. Mtu akifungua mfuko wa mashine akaukuta umejaa, anaogopa. Manyoya hayo ni nyuzi fupi zilizobaki wakati wa kutengenezwa. Hupungua yenyewe, na zulia halidhuriki.

Kinacholichakaza ni mchanga. Vumbi jekundu la barabara zisizo na lami, linaloingia sebuleni Kampala au Mbarara hasa wakati wa kiangazi, lina chembe ngumu zenye kingo kali. Huzama hadi kwenye shina la nyuzi, na kila anayekanyaga hapo anazisaga. Nyuzi hukatika kutoka chini, ambako jicho halifiki. Ufagio huondoa vumbi la juu tu, na jingine hulirusha hewani.

Basi fyonza angalau mara mbili kwa wiki, na karibu na mlango zaidi ya hapo. Sukuma polepole, vuta nyuma palepale, kisha rudia kwa kukatiza mwelekeo wa kwanza. Mfuko ukifika theluthi mbili, badilisha: uliojaa hubana hewa na mashine haivuti vizuri tena. Kata pia nywele zilizojisokota kwenye brashi.

Hofu moja ni ya haki. Kwenye zulia la vitanzi, yaani lile ambalo nyuzi zake hazikukatwa ncha bali zimepindwa kama pete ndogo, brashi inayozunguka inaweza kunasa uzi na kuufumua. Izime, na usiipitishe kamwe juu ya matamvua.