Je, wajua kwa nini Avid ilitolewa Nasdaq wakati hela ya wateja ilishaingia benki?

Kwa miaka nilikuwa nawaambia watu kwamba Avid, kampuni ya Marekani yenye softiwea za kuhariri video (Media Composer) na sauti (Pro Tools), walitolewa Nasdaq, soko la hisa la Marekani, Februari 2014 sababu kuna wakubwa wamekula hela. Nilikosea, na naona bado wengi wanaisimulia hivyohivyo. Hela haikupotea. Wateja walilipa, mashine na softiwea walipata, benki hela ilionekana. Ugomvi wote ulikuwa hela hiyo iandikwe imepatikana lini.

Kampuni yenyewe ilianzishwa na Bill Warner, Massachusetts, 1987, na mtambo wao wa kwanza uliotoka 1989 ulikaa juu ya kompyuta ya Macintosh, picha zilikuwa hafifu mno ila edita alikuwa anahamisha kipande cha video bila kugusa mkanda, na hilo liliwapa sehemu kubwa ya soko la filamu na televisheni.

Sasa mfikirie fundi cherehani. Anashona suruali ya shule ya mwanao kwa 30,000. Hakuna alipoandika, lakini mtaa mzima unajua muhula wa pili ikiwa fupi unamrudishia, anafumua ule upindo mpana aliouacha ndani makusudi, anaushusha, anapiga pasi, hachukui hata mia. Siku ya kwanza kwenye daftari kaandika: nimepata 30,000. Mkaguzi akija anamwambia hapana fundi, hukuuza suruali tu, umeuza suruali pamoja na mwaka mzima wa kushusha upindo, maana mteja analitegemea hilo hata kama hukuliahidi kwa maandishi, kwa hiyo kuna kazi bado unadaiwa, na hela yote usiiandike umeipata leo.

Upindo wa Avid ulikuwa apdeti za bure. Walizoea kuwatumia wateja marekebisho ya softiwea bila malipo, na mazoea hayo kihesabu ni ahadi. Na kwa kanuni za Marekani za wakati ule, kwenye softiwea ukishindwa kuonyesha apdeti peke yake ina bei gani, mara nyingi mauzo yote unayasambaza kwenye miaka utakayoendelea kumhudumia mteja. Kwa hiyo vitabu vya miaka mingi vikafunguliwa upya, ripoti za fedha zikasimama kuanzia Februari 2013, mwezi huohuo mkurugenzi mkuu Gary Greenfield akatoka na Louis Hernandez Jr. akashika uongozi. Nasdaq iliwatoa kwa kuchelewesha ripoti, basi. Hesabu mpya zilitoka Septemba 2014, Desemba wakarudi sokoni.

Kinachonivutia mimi ni kilichofuata. Mauzo ya kabla ya 2011 yakawa yanaandikwa kidogo kidogo kwenye vitabu vya 2013, 2014 na kuendelea, mapato kwenye karatasi bila shilingi mpya mkononi, na kadiri yale ya zamani yalivyokwisha mapato yakaonekana yanashuka hata pale ambapo biashara haijabadilika kiasi hicho. Ukitaka kujua afya ya Avid miaka ile uangalie hela taslimu, faida ya kwenye karatasi itakupoteza.

Sisemi biashara ilikuwa nzima. Final Cut Pro, softiwea ya Apple ya kuhariri video, ilitoka 1999 kwa dola 999 wakati mtambo wa Avid ulikuwa makumi ya maelfu ya dola, hiyo iliwaumiza sana. Avid waliinunua Pinnacle, kampuni ya vifaa na softiwea za video, 2005 kwa dola milioni 460 hivi, 2012 wakaachana na bidhaa zake za watu wa nyumbani wakaziuza kwa kampuni ya Corel, na M-Audio, chapa yao ya vifaa vya sauti, ikaenda kwa kampuni ya inMusic. Lakini hayo yaliwabana mfukoni, hayakuwatoa Nasdaq.

Mwaka 2023 hisa zao ziliondoka Nasdaq tena, safari hii kwa sababu STG, kampuni ya uwekezaji, waliinunua kampuni nzima, dola 27.05 kila hisa, jumla kama dola bilioni 1.4 pamoja na madeni.