Michikichi: yanayosemwa na yanayoonekana shambani

Dhana: Mawese ndiyo yanayomaliza misitu, basi tuhamie mafuta mengine.
Hekta moja ya michikichi iliyotunzwa hutoa tani 3 hadi 4 za mafuta kwa mwaka. Soya huishia karibu nusu tani. Ukihama, unahitaji ardhi kubwa zaidi, na hiyo nayo itafyekwa mahali fulani. La kukataa ni kufyeka msitu wa asili na kukausha vinamasi vyenye mboji. Tangu 2018, vigezo vya RSPO, chombo cha kimataifa kinachothibitisha mawese endelevu, vinakataza upandaji mpya kwenye udongo huo wa mboji, uwe wa kina chochote. Ukishakaushwa hutitia, hushika moto kwa urahisi, na miaka inavyokwenda shamba huanza kufurika.

Dhana: Shamba safi halina hata jani.
Kinachosafishwa ni duara la mita 1.5 hadi 2 kuzunguka shina, pamoja na njia ya wavunaji. Kwingine acha mimea laini ifunike udongo, na makuti yaliyokatwa yapangwe mistari. Kwenye mteremko yakingame mkondo wa maji. Anayepuliza dawa kila mahali huua pia maua yanayolisha nyigu, na nyigu hao ndio wanaopunguza viwavi wanaokula makuti. Kisha hununua dawa nyingine ya viwavi.

Dhana: Malipo ya kipande hayamwonei mtu, kila mmoja hupata jasho lake.
Inategemea kipande kimepimwaje. Mkungu ukiiva hudondosha punje, na punje hizo zina mafuta mengi, kwa hiyo kiwanda hakitaki zibaki chini. Sasa mtazame mvunaji: akate kuti, aangushe mkungu kwa mundu wenye mpini mrefu, aubebe hadi barabarani, kisha apige magoti aokote punje mojamoja. Lengo likihesabiwa kwa mikungu tu, na punje zilizoachwa zikatozwa faini, atakuja na mke na watoto waokote, na majina yao hayamo kwenye daftari la mishahara. Bango la kukataza ajira ya watoto halibadilishi hesabu hiyo.

Kinachoibadilisha ni kupima lengo upya kwa mtu mmoja ndani ya saa 8, miti mirefu na miteremko ikipewa lengo dogo. Kulipia punje kwa kilo au kuajiri waokotaji. Na kuhakikisha asiyefikia lengo hashuki chini ya kima cha chini cha mshahara. Mzunguko wa kuvuna nao usizidi siku 10 hivi. Ukichelewa, punje hutapakaa, kazi huongezeka, na mafuta hupanda asidi.

Dhana: Mbegu ya mti uzaao vizuri itazaa vilevile.
Tenera, mchikichi unaopandwa sana mashambani, ni chotara wa aina mbili, dura na pisifera. Ukipanda mbegu zake, takribani nusu ndizo zitakuwa tenera. Robo ni dura yenye kifuu kinene, na robo ni pisifera, ambayo mara nyingi haizai. Utagundua baada ya miaka mitatu, gharama zimeshakwenda.

Dhana: Kijiji kilisaini kutoa ardhi ya shamba, basi kiliridhia.
Karatasi ya mahudhurio ya mkutano si ridhaa. Ridhaa hutangulia tingatinga: mipaka hutembelewa kwa miguu pamoja na wanaolima, kuchunga na kuteka maji hapo, wanawake wakiwemo, mkataba husomwa kwa lugha yao na nakala hubaki kijijini. Na jibu la "hapana" linapokelewa.