Zimwi na fomu yake ya serikali

Kazi yangu ni kuhariri filamu, na kila ninapowafundisha vijana namna ya kutengeneza filamu ya kutisha inayojifanya kuwa mkanda uliookotwa, huanza na Trolljegeren, filamu ya Norwei iliyoongozwa na André Øvredal na kutoka mwaka 2010. Vijana husubiri damu na mayowe. Mimi huwaonyesha kwanza mwindaji akijaza fomu.

Wanafunzi watatu wa chuo cha Volda wanamfuatilia mtu wanayemdhania kuwa jangili wa dubu, kumbe Hans ni mtumishi wa siri wa serikali, na kazi yake ni kuua matroli yanayotoroka maeneo yao. Troli wa ngano za Norwei ni kama binamu wa zimwi letu: jitu la milimani na misituni, lenye nguvu nyingi na akili haba, ambalo likipigwa na jua hugeuka jiwe.

Katika filamu za aina hii mtazamaji lazima aiamini kamera kabla hajakiamini kiumbe. Kamera ina mtu anayeibeba, na kipaza sauti kimeshikwa na mtu anayeweza kufa, kwa hiyo mhariri haruhusiwi kutumia picha iliyopigwa kutoka mahali ambapo mbebaji asingeweza kusimama. Ndiyo maana troli wa kwanza hutanguliwa na giza, miti inayovunjika, na Hans anayetoka msituni mbio akipiga kelele ya neno moja tu: troli! Kikwazo hicho huokoa fedha nyingi, ingawa nakiri kwamba Øvredal naye hajaliepuka swali linaloisumbua kila filamu ya namna hii, yaani kwa nini mtu anayekimbia kuokoa roho yake asiitupe kamera.

Lakini hayo yote yamo katika filamu nyingine pia. Kinachoitofautisha hii ni kwamba inazihifadhi kanuni za ngano jinsi zilivyo, kisha inamkabidhi kila moja mtaalamu au mtumishi wa serikali aieleze kwa sauti ya uchovu. Daktari wa mifugo anaeleza kwamba mwili wa troli hauwezi kugeuza vitamini D inayotokana na mwanga wa jua kuwa kalsiamu, na ndiyo sababu wazee hugeuka jiwe na vijana hupasuka. Vichwa vya ziada ni vinundu vinavyoota kadiri umri unavyosonga. Nyaya kubwa za umeme zinazokatiza milima ni uzio wa kuyazuia majitu, na mzaha huo uliwafikia Wanorwei mwaka uleule walipokuwa wakigombana vikali kuhusu nguzo za umeme za Hardanger, eneo la magharibi mwa nchi yao. Hans mwenyewe anaigizwa na Otto Jespersen, ambaye kwao ni mchekeshaji mashuhuri, naye hatabasamu hata kidogo.

Kanuni ninayoipenda zaidi ni ile ya harufu. Katika ngano za Norwei troli hunusa damu ya Mkristo. Mazimwi yetu hunusa mtu tu, bila kuuliza dini yake. Mapema Hans anawauliza vijana kama kuna anayemwamini Mungu, nao wanakana wote, na swali hilo linapita kama utaratibu wa ofisini. Baadaye, wakiwa wamejificha pangoni huku matroli yakinusanusa, mpiga picha anakiri kwamba yeye ni Mkristo, na kukiri huko hakumwokoi. Anayekuja kushika nafasi yake ni Mwislamu, na kuhusu damu yake Hans hana uhakika.

Sehemu ya mwisho ndiyo ninayowarudishia wanafunzi mara nyingi. Tunamwona Jens Stoltenberg, waziri mkuu halisi wa Norwei wakati ule, akizungumza mbele ya waandishi wa habari na kuonekana kana kwamba anakiri kuwa matroli yapo. Picha ni ya kweli na maneno ni yake mwenyewe, ila alikuwa akizungumzia eneo la mafuta na gesi katika Bahari ya Kaskazini, ambalo jina lake ni Troll. Huwaonyesha kwanza bila sauti, wamwone mwanasiasa aliye katika siku ya kawaida ya kazi, kisha hufungua sauti na kuwauliza ni wapi hasa mhariri alipotia mkono wake.