Dawa za kutuliza wasiwasi wa mtoko: ni zipi, na zinafanya nini

Wasiwasi kabla ya kukutana na mtu unayempenda ni wa kawaida, na mara nyingi unapungua wenyewe baada ya maneno mawili matatu. Hapa tunazungumzia hali iliyovuka hapo. Mtu anafuta miadi kila mara, anaacha ujumbe wa anayempenda bila kuujibu, anafika hadi mlango wa mkahawa na kugeuza, na miaka inapita hivyo huku ndugu wakimuuliza ataoa au ataolewa lini. Mtu huyo akianza kumeza dawa ili aweze kukutana na watu, iwe ameandikiwa na daktari au amepewa kidonge na rafiki, ndipo tunasema anadhibiti wasiwasi wa mahusiano kwa dawa.

Hakuna dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mtoko. Daktari anachotibu ni hofu ya kijamii, yaani woga mkali na wa kudumu wa kutazamwa, kupimwa na kudhaniwa vibaya. Kuna anayeipata akisimama kuzungumza mbele za watu, kuna anayeipata akila hadharani, na kuna ambao inawabana zaidi kwenye mapenzi, kwa sababu hapo mtu anajiweka wazi kukataliwa. Hali hii iliingia kwenye mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili mwaka 1980. Mwaka 1999 dawa ya paroksetini iliruhusiwa nchini humo kuitibu, na matangazo mengi ya biashara yakafuata. Kwa upande mmoja, watu waliokuwa wakiitwa wapole au wenye maringo walipata jina la shida yao. Kwa upande mwingine, kuna wenye aibu ya kawaida tu walioanza kujiona wagonjwa. Mimi naona kipimo kizuri ni hasara: hofu hiyo imekunyima nini, na kwa muda gani?

Ili kuelewa dawa, mtazame kwanza kijana aliyekaa mkahawani Mwenge akimsubiri dada waliyekubaliana kukutana saa kumi na moja. Shati limelowa makwapani na mdomo umekauka. Glasi ya juisi anaishika kwa mikono miwili ili isitetemeke, na kwenye simu ameandika maswali ya kuuliza mazungumzo yakikatika. Mwilini mwake adrenalini, homoni inayoandaa mwili kukabili hatari, imemwagika, moyo unakwenda mbio na misuli imekaza. Kichwani mambo ni mengine: “Ataona natetemeka. Ataniona mjinga.” Mwili na mawazo vinachocheana, na dawa tofauti zinagusa sehemu tofauti za mzunguko huo.

Inayozungumzwa sana vijiweni ni propranololi, ambayo wengi wanaijua kama dawa ya presha au ya moyo. Iligunduliwa Uingereza miaka ya 1960 na timu ya James Black, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Inaizuia adrenalini isishike kwenye moyo na misuli, hivyo mapigo yanapungua na mikono inatulia. Inamezwa kama saa moja kabla ya tukio, na nguvu yake inadumu kwa saa chache. Mawazo haiyagusi moja kwa moja. Kwa mtu ambaye shida yake kubwa ni kutetemeka na moyo kudunda kwenye tukio moja, kama hotuba au usaili, inaweza kumsaidia. Kwa anayeogopa watu karibu kila mahali, ushahidi kwamba inamtibu ni hafifu.

Kwa kuwa haileweshi, watu wanagawana kama peremende, na hilo linanitia hofu. Mfamasia makini ukimwambia, “Dada, naomba propranololi,” atakujibu kwa swali: “Kaka, una pumu?” Swali hilo linaokoa maisha, kwani dawa hii inaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu hadi ashindwe kupumua. Mwenye kisukari inaweza kumfichia dalili za sukari kushuka, hasa yale mapigo ya moyo yanayomshtua ili ale. Mwenye mapigo ya chini au presha ya kushuka anaweza kuzimia. Ikimezwa kwa wingi inaua. Ndiyo maana inatakiwa cheti cha daktari, hata kama rafiki yako anaimeza bila shida yoyote.

Kundi la pili ndilo matibabu hasa ya hofu ya kijamii: dawa zinazoongeza kazi ya serotonini, kemikali ya kupitisha ujumbe, kwenye ubongo, kama setralini, esitalopramu, paroksetini na fluoksetini. Hizi zinamezwa kila siku, uwe na miadi au usiwe nayo. Wiki za mwanzo mtu anaweza kusikia kichefuchefu, kukosa usingizi, hata wasiwasi kuongezeka kidogo, na wengi huziacha hapo wakidhani zimewadhuru. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki nne hadi sita, na kwa wengine hadi wiki kumi na mbili. Walio chini ya miaka 25 wanahitaji kuangaliwa kwa karibu mwanzoni, kwa sababu wachache wao hupata mawazo ya kujidhuru. Mawazo hayo yakitokea, ni kurudi kwa daktari siku hiyo hiyo.

Sasa kuna jambo linalonyamaziwa sana kliniki, na kwa suala la mapenzi haliwezi kunyamaziwa. Dawa hizi zinaweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa, kuchelewesha au kuzuia kufika kileleni, na kwa wanaume zinaweza kudhoofisha nguvu. Hilo si tatizo la nadra. Fikiria mtu aliyeanza dawa ili aweze kuwa na mwenzi, akampata, kisha mwili ukagoma. Asipokuwa ameambiwa mapema, atajiona amerogwa au amekwisha, ataacha dawa kimyakimya, na wasiwasi utarudi ukiwa na sababu mpya. Akiwa anajua, anaweza kumweleza daktari, na daktari ana la kufanya: kupunguza dozi, kubadilisha dawa, au kusubiri kidogo kama ndiyo kwanza ameanza. Kama unaona haya kulisema kwa mdomo, liandike kwenye karatasi na umpe. Wahudumu wengi hawaulizi mpaka mgonjwa aanze, na hili ni kosa letu kama jamii kwa kulifanya jambo la siri.

Kundi la tatu ni diazepamu na ndugu zake. Diazepamu ilipata umaarufu kwa jina la Valium tangu mwaka 1963. Zinatuliza haraka, na ndipo hatari ilipo: mwili unazizoea, dozi ya jana haitoshi leo, na kuziacha ghafla kunaweza kuleta degedege. Zikichanganywa na pombe zinaweza kuzima pumzi. Tena zinasinziza na kupunguza uangalifu, na mtu anayekwenda kukutana kwa mara ya kwanza na asiyemfahamu vizuri, hasa msichana, anahitaji akili zake zote. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2013 kuhusu hofu ya kijamii unasema zisitolewe kama matibabu ya kawaida ya hali hii.

Bia mbili za kujipa moyo nazo zinaingia humu, ingawa hakuna anayeziita dawa. Zinatuliza kwa saa moja, na kesho yake wasiwasi unarudi mkali zaidi. Miraa inaongeza mapigo ya moyo yale yale mtu anayotaka kuyakimbia.

Mwongozo ule wa Uingereza unaanza na tiba ya mazungumzo, na dawa ni kwa asiyeitaka au isiyomfaa. Sababu yake inaonekana kwa kijana wetu wa Mwenge. Glasi anayoishika kwa mikono miwili na maswali kwenye simu ni kinga alizojitengenezea. Mkutano ukienda vizuri, anasema kinga ndizo zilizomwokoa, na hofu haipungui. Kidonge kinaweza kugeuka kinga ya namna hiyo: wengine hawaendi popote bila kuwa nacho mfukoni, hata siku ambazo hawakimezi. Mtaalamu humzoesha mtu kuziacha kinga hizo moja moja, ashike glasi kwa mkono mmoja, amtazame mwenzake machoni, mazungumzo yakatike kidogo, kisha aone kwamba hakuna kilichoharibika. Dawa inaweza kumpa nafasi ya kufanya mazoezi hayo pale ambapo hofu ilikuwa imemfungia ndani kabisa, na sioni haya yoyote kwa anayeihitaji.

Wataalamu wa mazungumzo ni wachache kwetu, hilo ni kweli. Hata hivyo hospitali za Muhimbili ya Dar es Salaam, Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Butabika ya Kampala zinapokea watu wenye wasiwasi, na hospitali nyingi za rufaa za mikoa zina kliniki ya afya ya akili. Majina hayo hutumika mitaani kama matusi, na matusi hayo yamewazuia wengi kupata matibabu ambayo yangewasaidia.

Kabla ya kumeza chochote, chunguza pia hofu yenyewe inamhusu nani. Ukitulia na watu wengine wote lakini tumbo linakukata ukiwa na mtu mmoja anayekulazimisha mkutane faragha, anayekagua simu yako au anayekutishia, hofu hiyo inakueleza kitu cha kweli. Usiizime kwa kidonge.

Na kama dawa ya kila siku imekufaa, usiiache siku ile unapojisikia vizuri. Kawaida huendelea kwa miezi sita au zaidi baada ya nafuu kutulia, kisha dozi inashushwa taratibu. Ukiikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, hasira za haraka na hisia kama shoti za umeme kichwani. Kwa paroksetini hali hiyo hutokea sana, kwa fluoksetini ni mara chache kwa kuwa inatoka mwilini polepole. Mwanamke anayepanga kubeba mimba alizungumze na daktari kabla, kwa sababu si dawa zote za kundi hili zinafaa kwa usawa, na kuiacha ghafla kwa hofu ya mtoto kunaweza kumrudisha mama alikotoka.