Mwanasheria Mkuu wa Serikali: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Mzee mmoja kutoka Subukia alinijia akiwa na bahasha ya kaki iliyojaa nakala za barua. Mwanawe alikuwa amegongwa na gari la idara moja ya serikali, akavunjika mguu na nyonga, na tangu siku hiyo baba huyo alikuwa amemwandikia Mwanasheria Mkuu wa Serikali mara tatu, kwa heshima zote, akimwomba amfungulie dereva mashtaka. Hakuwa amepata jibu. Nilipoitazama tarehe ya ajali nilishtuka, kwa maana miezi 11 ilikuwa imekwisha kupita. Nikamwambia, "Mzee wangu, huyu unayemwomba akushtakie ndiye utakayemshtaki." Alidhani ninamdhihaki.

Sikuwa ninamdhihaki. Nimefanya kazi ya usaidizi wa sheria hapa Nakuru, Kenya, kwa miaka kadhaa, na sijaona ofisi ya umma inayotajwa sana na kueleweka kidogo kama hii. Nikienda Kisumu au Kakamega nakuta maswali ni yale yale. Nimeona ni vyema niziandike dhana ninazokutana nazo mara nyingi, pamoja na ukweli wake, kwa sababu anayeielewa ofisi hii vibaya hupoteza muda, na sheria zetu hazimsubiri aliyechelewa.

"Mwanasheria Mkuu ndiye anayewashtaki wahalifu"

Hii ndiyo dhana iliyoota mizizi zaidi, na siwalaumu wanaoishikilia, kwa sababu tangu uhuru hadi mwaka 2010 ilikuwa kweli tupu. Kifungu cha 26 cha Katiba ya zamani kilimpa Mwanasheria Mkuu mamlaka ya kufungua mashtaka ya jinai, kuyachukua yale yaliyofunguliwa na mtu mwingine, na kuyasitisha wakati wowote kabla ya hukumu kutolewa. Mtu aliyeketi na mawaziri asubuhi akiwapa ushauri ndiye huyo huyo aliyeamua jioni kama mmoja wao angepelekwa kortini.

Watu wa Nyanza wanayakumbuka hayo. Waziri Robert Ouko alipouawa Februari 1990 na mwili wake kupatikana karibu na kilima cha Got Alila, Koru, uamuzi wa nani ashtakiwe na nani aachwe ulikuwa wa ofisi hiyo. Mtu mmoja tu ndiye aliyefikishwa mbele ya jaji kwa mauaji hayo, naye akaachiliwa huru mwaka 1994. Hadi leo hakuna aliyepatikana na hatia.

Huku kwetu Nakuru kumbukumbu ni ya karibu zaidi. Aprili 2005, Samson ole Sisina, afisa wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, alipigwa risasi akafa katika ranchi ya Soysambu, kando ya Ziwa Elementaita. Tom Cholmondeley, mrithi wa ranchi hiyo, alishtakiwa kwa mauaji, lakini mwezi wa Mei Mwanasheria Mkuu Amos Wako aliyasitisha mashtaka kabla kesi haijaanza kusikilizwa, kwa maelezo kwamba ushahidi haukutosha. Wamaasai waliandamana kwa uchungu. Mimi sina ushahidi wa kusema kama uamuzi ule ulikuwa sahihi au la. Ninachojua ni kwamba hapakuwa na jaji aliyepewa nafasi ya kuuliza. Naamini tukio hilo liliwafunza watu wengi wa Bonde la Ufa ubaya wa mamlaka yasiyo na wa kuyahoji kuliko hotuba yoyote iliyotolewa wakati wa kampeni za kura ya maamuzi kuhusu Katiba mpya.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilizitenganisha kazi hizo mbili. Kifungu cha 156 kinamfanya Mwanasheria Mkuu kuwa mshauri mkuu wa serikali katika masuala ya sheria na mwakilishi wa serikali ya kitaifa mahakamani, isipokuwa katika kesi za jinai. Kesi za jinai zilikabidhiwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma chini ya Kifungu cha 157. Huyu huhudumu kwa miaka 8 bila kuongezewa kipindi kingine, haamrishwi na mtu yeyote katika kazi yake, anaweza kumwelekeza Inspekta Jenerali wa polisi afanye uchunguzi, na, jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote, hawezi kuyaondoa mashtaka bila ruhusa ya mahakama. Lau sharti hilo lingekuwapo mwaka 2005, maelezo kuhusu ushahidi wa Soysambu yangepimwa na hakimu au jaji.

Kwa hiyo bwawa la Patel lilipopasuka huko Solai Mei 2018 na kuua watu wasiopungua 47, mashtaka ya jinai yaliyopelekwa Naivasha yaliletwa na Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Vivyo hivyo kuhusu mtoto Samantha Pendo wa Nyalenda, Kisumu, aliyefariki baada ya operesheni ya polisi Agosti 2017: ni Mkurugenzi huyo aliyetangaza Oktoba 2022 kwamba maafisa wa polisi watashtakiwa. Anayetaka mhalifu ashtakiwe hupiga ripoti polisi, na akiona faili imelala huiandikia ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka.

Habari za Marekani nazo hutuchanganya. Kule, mwenye cheo kinacholingana na hiki ndiye mkuu wa Wizara ya Sheria tangu wizara hiyo ilipoundwa mwaka 1870, na waendesha mashtaka wa serikali kuu wako chini yake. Tukimwona kwenye televisheni akitangaza kukamatwa kwa mtu, tunadhani wetu naye anaweza kufanya hivyo.

"Ni wakili wa Rais"

Katiba haisemi hivyo. Mteja wake ni serikali ya kitaifa, na Kifungu kile kile cha 156 kinamtaka aendeleze na kulinda utawala wa sheria na kuyatetea maslahi ya umma. Kinamruhusu pia, mahakama ikikubali, kufika kama rafiki wa mahakama, yaani mtu asiye upande wowote anayeisaidia mahakama kwa maoni ya kisheria, katika kesi ya madai ambayo serikali si mhusika. Ndivyo Githu Muigai alivyoingia katika kesi ya Raila Odinga ya kupinga matokeo ya urais mbele ya Mahakama ya Juu mwaka 2013, ingawa upande wa mlalamishi ulimpinga. Nilikuwa Kisumu wiki ile. Wengi waliokuwa wakisikiliza redio pamoja nami hawakumwona kama rafiki wa mahakama hata kidogo. Walimwona kama wakili wa ziada wa upande wa pili.

Shaka hiyo ina msingi, na sitaki kuifunika kwa maneno ya sheria. Mwanasheria Mkuu huteuliwa na Rais na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa; huketi katika Baraza la Mawaziri; na tofauti na Mkurugenzi wa Mashtaka, Katiba haikumwekea kipindi maalumu wala utaratibu wa kumlinda asiondolewe. Julai 2024 Rais alipolivunja Baraza la Mawaziri, Mwanasheria Mkuu Justin Muturi aliondoka pamoja na mawaziri. Mtu anayeweza kuondolewa kwa tangazo la siku moja anahitaji ujasiri mkubwa ili amwambie aliyemteua kwamba jambo fulani halikubaliki kisheria. Kwa maoni yangu hapo ndipo kazi ya mwaka 2010 ilipobaki nusu.

Jambo moja zaidi kuhusu ushauri wake: ni ushauri, si hukumu. Serikali ilipotaka kuibadilisha Katiba kupitia mpango wa maridhiano ulioitwa BBI (Building Bridges Initiative), ofisi ya Mwanasheria Mkuu iliutetea kutoka Mahakama Kuu hadi Mahakama ya Rufaa na hatimaye Mahakama ya Juu, na tarehe 31 Machi 2022 mpango huo ukakwama kabisa.

"Ofisi hii ilianza na Charles Njonjo"

Njonjo alikuwa wa kwanza baada ya uhuru, akahudumu kuanzia 1963 hadi 1980, lakini kiti alichokikalia kilikuwa kikuukuu. Asili yake ni Uingereza, ambako katika karne ya 13 mfalme alianza kumlipa mwanasheria wa kumsimamia kortini, kwa kuwa mfalme hakuweza kwenda kujitetea mwenyewe katika mahakama zake. Wakoloni walikuja na ofisi hiyo Kenya, na hapa ilitumika vibaya kupindukia. Eric Griffith-Jones, Mwanasheria Mkuu wa koloni katika miaka ya Hali ya Hatari, ndiye aliyesaidia kutafuta maneno ya kisheria ya kuhalalisha kupigwa kwa wafungwa wa Mau Mau kizuizini. Katika barua yake ya mwaka 1957 kwa Gavana Baring aliandika kwamba ikiwa ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya. Kila ninapoisoma kauli hiyo hukumbuka kwamba aliyeiandika ndiye aliyekuwa mshauri mkuu wa sheria nchini.

Baada ya uhuru mkondo haukunyooka mara moja. Mwaka 1986 Bunge lilimwondolea Mwanasheria Mkuu ulinzi wa kikatiba wa kazi yake, ukarejeshwa mwaka 1990 baada ya malalamiko mengi. Aliyekaa muda mrefu zaidi ni Amos Wako, mwana wa Busia, kutoka 1991 hadi 2011, ambaye baadaye watu wa kaunti yake walimchagua kuwa Seneta. Mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huu ni Dorcas Oduor, aliyeapishwa mwaka 2024.

Mengine yanayosemwa

Wapo wanaodhani yeye ni mbunge. Zamani aliketi Bungeni kwa wadhifa wake, bila kura, na wakazi wa mpakani Busia husikia kwamba wa Uganda bado yumo Bungeni; wetu hayumo tena. Wapo wanaodhani ni mkuu wa majaji, labda kwa kuwa ni mwanachama wa Tume ya Huduma za Mahakama. Mkuu wa majaji ni Jaji Mkuu. Na wapo wanaompelekea malalamiko dhidi ya serikali ya kaunti. Kaunti ina Wakili wake, na sheria ya mwaka 2020 imeeleza kazi zake. Anayeidai Kaunti ya Kisumu au ya Nakuru huishtaki kaunti yenyewe.

"Serikali haishtakiki, na ikishtakiwa hailipi"

Hapa ndipo palipomhusu yule mzee. Serikali inashtakiwa, na Sheria ya Kesi za Serikali inasema kesi ya madai dhidi yake huletwa dhidi ya Mwanasheria Mkuu. Huhitaji kusafiri hadi Nairobi. Ofisi yake ina matawi, likiwamo la Nakuru na la Kisumu, na mawakili wa serikali walio huko hufika mahakamani kwa niaba yake. Lakini muda ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Dai la madhara, kama ajali, lazima lifunguliwe ndani ya miezi 12, ilhali dai kama hilo dhidi ya mtu binafsi lina miaka 3. Dai la mkataba dhidi ya serikali nalo lina miaka 3. Barua tatu za mzee, hata kama zingejibiwa, hazikusimamisha saa hiyo.

Kuhusu malipo, mzee aliniuliza kama dalali wa mahakama angeweza kulivuta gari lile lile lililomgonga mwanawe. Hawezi. Kifungu cha 21 cha sheria hiyo kinakataza kukamatwa kwa mali ya serikali. Anayeshinda huomba mahakama impe cheti cha agizo, humkabidhi Mwanasheria Mkuu, na afisa mhasibu wa wizara husika ndiye mwenye wajibu wa kulipa. Asipolipa, mshindi hurudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumlazimisha, na afisa anayeipuuza amri hiyo anaweza kuadhibiwa kwa kuidharau mahakama. Njia hiyo ni ndefu na inachosha, na nimewaona walioiacha katikati. Hata hivyo nimewaona pia waliofika mwisho na kulipwa.

Malalamiko kuhusu dereva yalipelekwa ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma mjini Nakuru. Dai la fidia lilifunguliwa siku 9 kabla ya mwaka kutimia, na kwenye ukurasa wa kwanza, mahali pa jina la mdaiwa, wakili aliandika: Mwanasheria Mkuu wa Serikali.